Mjomba anataka kuweka kiinua mgongo kwenye gazeti la mkoa, je hela bado ipo huko?

Swali limetoka kwa binti wa Morogoro, nalifupisha: "Shikamoo. Nimemaliza diploma ya uandishi wa habari mwaka huu. Mjomba wangu amestaafu na anataka mafao yake yote ayaweke kwenye gazeti la kila wiki la mkoa. Anasema zamani wenye magazeti walikuwa na hela, na sasa hivi nchi za wenzetu zinawalazimisha Google na Facebook kuyalipa magazeti, kwa hiyo muda si mrefu na huku itafika. Mimi naona wenzangu hawanunui gazeti kabisa. Nani kati yetu yuko sahihi na nimwambie nini?"

Marahaba mdogo wangu. Jibu fupi ni kwamba mzee asitoe hata shilingi mpaka msome haya wote wawili, tena mkae chini mbishane. Nimekaa dawati la matangazo la gazeti, baadae usambazaji, na sasa hivi kazi yangu ni kupitia mahesabu ya vyombo vya habari vinavyotaka kujua vinapona vipi, kwa hiyo nitakayokwambia ni ya kwenye vitabu vya hesabu. Na nakwambia mapema kabisa, mimi nayapenda magazeti, naumia yakifungwa, ndo maana sitaki pesa ya mstaafu iishie kwenye kitu ambacho nani analipa hakijulikani.

Tuanze na hapo hapo, nani analipa. Watu wengi wanadhani gazeti linaishi kwa ile buku unayompa muuzaji pale kituoni. Ile buku igawe uone: muuza meza anachukua chake, wakala wa mkoa chake, basi linalobeba mzigo usiku chake, halafu kuna karatasi. Karatasi ya gazeti haitengenezwi hapa kwetu, Kenya nao walikuwa na kiwanda chao cha karatasi Webuye kikafungwa 2009, kwa hiyo ukanda mzima tunaagiza nje kwa dola, dola ikipanda na wewe unapanda nayo hata kama msomaji wako kule Kilosa mshahara wake haujapanda. Halafu kuna yaliyododa. Gazeti la jana halina mnunuzi labda wa kufungia maandazi, na yote yaliyorudi gharama ni yako wewe mwenye gazeti, wakala halipi. Mara nyingi sana tukimaliza hesabu pesa ya mauzo haifiki hata kulipia uchapaji na usafiri. Mshahara wa mwandishi, kodi ya ofisi, faida, vyote vilitoka kwenye matangazo.

Sasa matangazo yalitoka kwa nani? Benki, kampuni za simu, bia, vyuo, halafu yule mkubwa kuliko wote: serikali na taasisi zake. Tenda, nafasi za kazi, walioitwa kwenye usaili, salamu za sikukuu zenye picha ya kiongozi ukurasa mzima. Wewe ni mdogo labda hukuiona siku yanapotoka majina ya walioitwa kazini, meza ya magazeti inazungukwa tangu alfajiri, mtu mmoja ananunua nakala, wenzie sita wanamwinamia mabegani wakifuata majina kwa kidole, na muuza meza anawafukuza walioshika bila kulipa. Siku hiyo gazeti lilipata mara mbili, lililipwa na ofisi iliyotangaza na likanunuliwa na wanaotafuta majina yao. Mjomba wako anaposema wenye magazeti walikuwa na hela anakumbuka enzi hizo na hadanganyi.

Ila angalia kilichotokea. Nafasi za kazi serikalini na majina ya usaili yakahamia kwenye Ajira Portal ya Sekretarieti ya Ajira, mtu anafungua simu anaona jina lake. Tenda zikaingia kwenye mfumo wa NeST kuanzia 2023, na sheria mpya ya ununuzi wa umma ya mwaka huo huo ikaubeba. Matokeo ya mitihani NECTA wanaweka kwenye tovuti yao. Mimi sisemi ni vibaya, kwa mzabuni wa Tunduma au mama anayetafuta jina la mwanae ni nafuu kubwa, na kuficha tenda imekuwa vigumu kidogo. Lakini kila mfumo wa serikali uliohamia mtandaoni uliondoka na kurasa za matangazo za gazeti, na hakuna aliyekaa kuuliza zile kurasa zilikuwa zinalipia nini. Zilikuwa zinamlipia mwandishi wa mahakamani, zinalipia safari ya kwenda kuona daraja lililokatika kule ndani. Kwa hiyo ukisikia "simu imeua magazeti" ujue ni nusu ya habari tu, nusu nyingine ni maamuzi ya kisera, na ndo hiyo nusu watu hawaizungumzii.

Upande wa msomaji wewe uko sahihi, ila sio kwamba vijana hawasomi. Wanasoma sana tu, hawalipi. Saa kumi na mbili asubuhi magrupu ya WhatsApp yameshapata picha za kurasa za mbele zote, na kuna magrupu pdf ya gazeti zima inazunguka bure, nakala moja iliyonunuliwa inasomwa na watu elfu. Na kabla ya WhatsApp kulikuwa na redio, wewe unajua utamaduni wetu wa "magazetini leo", mtangazaji anasoma habari yote mpaka mwisho, msikilizaji akimaliza chai hana sababu ya kununua. Hili lilifika mpaka kwa waziri, 2017 Harrison Mwakyembe akiwa waziri wa habari akaelekeza redio na tv zisome vichwa tu bila kuingia ndani. Nilikuwa naliunga mkono na bado naliunga mkono, kwa sababu ni moja ya mara chache sera iligusa moja kwa moja swali la nani anakula jasho la nani. Tatizo ni kwamba ilikuja wakati msomaji keshaanza kuhamia kwenye simu, na simu huwezi kuiagiza isome vichwa tu.

Magazeti ya udaku ndo mfano mzuri wa nani aliwahi kusoma alama za nyakati. Global Publishers walikuwa na Uwazi, Ijumaa, Risasi, Amani, yalikuwa yanauzika balaa, lakini habari za mastaa zilipohamia Instagram, ambako staa mwenyewe anajianika saa nne usiku, gazeti la kesho halina la kusema. Wao wakajenga Global TV mtandaoni. Millard Ayo yeye alitokea redioni na hakuwahi kubeba mzigo wa mtambo wa kuchapa wala yaliyododa, akajenga hadhira kwenye blogu na YouTube moja kwa moja. Michezo imejikongoja zaidi, Mwanaspoti na wenzake wanaponea Simba na Yanga, jumatatu baada ya dabi mtu bado anataka kushika karatasi. Siasa za kitaifa ziko katikati. Habari za mkoa ndo hazikuwa na mlipaji hata zamani, zilibebwa mgongoni na hizo nyingine, na hapo ndipo mjomba anapotaka kuanzia.

Sasa mzee atakwambia "basi tuweke mtandaoni, matangazo ya Google yatalipa". Mwambie ukweli wa hesabu: tangazo la mtandaoni linalipwa kwa kugombaniwa, watangazaji wakigombania msomaji bei inapanda, wasipogombania inashuka. Msomaji wa London anagombaniwa na mabenki na kampuni za bima, msomaji wa Mvomero hana anayemgombania hivyo, kwa hiyo kurasa elfu zilizosomwa Mvomero zinakuletea pesa ya vocha. Na hata hao wakubwa walioanguka walianguka hapo hapo: Marekani mapato ya matangazo ya magazeti yalikuwa karibu dola bilioni 49 mwaka 2005, miaka ya karibuni yameshuka chini ya bilioni 10. New York Times imepona kwa sababu 2011 ilianza kumlipisha msomaji wa mtandaoni na sasa ina wateja zaidi ya milioni 10, lakini hao ni watu wenye kadi za benki duniani kote wanaosoma Kiingereza. Jirani zetu Nation Media Group wamejaribu, 2021 wakaanza kulipisha kwenye Nation.Africa, malipo ya M-Pesa yapo, jina kubwa lipo tangu 1960, na bado 2023 na 2024 wamefunga mahesabu kwa hasara ya zaidi ya shilingi za Kenya milioni 200 kila mwaka. Kama wao wanatoka jasho, gazeti lisilojulikana litoke nini.

Nakuja kwenye hoja kuu ya mjomba, Google na Facebook kulipa. Hapa nataka niende taratibu maana ndo pameharibu mipango ya watu wengi.

Australia ndo walioanza kwa kishindo, 2021 wakatunga kanuni ya kuwalazimisha wakae mezani na vyombo vya habari. Facebook wakazima habari zote nchini humo kwa siku kadhaa mwezi wa pili, serikali ikalegeza kidogo, mikataba ikasainiwa, pesa ikatoka kweli. Ila Machi 2024 Meta, wenye Facebook na Instagram, wakasema mikataba ikiisha hawaongezi. Kanada wakatunga sheria yao 2023, Google wakakubali kutoa dola za Kanada milioni 100 kwa mwaka, Meta wao wakaziondoa habari kabisa kwenye Facebook na Instagram kuanzia Agosti mwaka huo na mpaka leo Mkanada hawezi kushea linki ya habari huko. Magazeti madogo ya vijijini yaliyokuwa yanapata wasomaji kupitia Facebook ndo yaliumia zaidi, maana sheria ilitungwa kuwasaidia wao wakapoteza mlango. Ufaransa walitumia mamlaka ya ushindani, Google wakapigwa faini ya euro milioni 500 mwaka 2021 na nyingine ya milioni 250 mwaka 2024. Unaona wenyewe, kila pesa iliyotoka ilitoka kwa nchi yenye soko ambalo kampuni haitaki kulipoteza, pamoja na chombo cha ushindani chenye meno na wanasheria wenye muda.

Kwa Afrika ni Afrika Kusini tu imefika mbali. Tume yao ya ushindani ilianza uchunguzi Oktoba 2023, Novemba 2025 ikatoa ripoti ya mwisho, na Google wakakubaliana nao kifurushi cha randi milioni 688 kwa miaka mitano, na humo kuna fungu la vyombo vidogo na vya jamii. Nawapongeza sana, huo ndo mfano ambao serikali zetu zingetakiwa kuusoma ukurasa kwa ukurasa. Lakini angalia na tarehe, wakati uchunguzi unaendelea magazeti ya Beeld na City Press yalishatoa matoleo yao ya mwisho ya karatasi Desemba 2024. Dawa ilifika wakati wagonjwa wengine wameshazikwa.

Na huku kwetu? Tanzania tangu Julai 2022 tunatoza kodi ya asilimia 2 kwenye mapato ya huduma za kidijitali za kampuni za nje. Kenya walikuwa na asilimia 1.5 tangu 2021, mwishoni mwa 2024 wakaibadilisha ikawa kodi nyingine inayofika asilimia 3 ya mapato. Watu wakisikia "Google wanalipa kodi" wanadhani magazeti yanapata. Hakuna. Pesa inaenda Hazina, inachanganyika na nyingine, na hakuna kifungu kinachosema sehemu yake irudi kwenye habari. Mimi natamani kingekuwepo, ningekuwa mbunge ndo hoja ningesimama nayo kila bunge la bajeti, ila wewe na mjomba hamwezi kulipia uchapaji kwa ninachotamani mimi. Halafu hata mlango wenyewe unabadilika, tangu 2024 Google imeanza kuweka majibu yaliyotengenezwa na akili mnemba juu ya matokeo, mtu anauliza, anajibiwa pale pale, hafiki kwenye tovuti ya aliyeandika.

Kitu kinachonitisha kuliko Google ni hiki, mteja mkubwa na mtoa leseni ni yule yule mmoja, serikali. Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 ilileta leseni kwa magazeti, leseni ya kuhuishwa, na leseni ikisitishwa biashara imesimama. Tanzania Daima lilifutiwa leseni Juni 2020, likaruhusiwa pamoja na Mawio, MwanaHalisi na Mseto Februari 2022. Hebu fikiria ni biashara gani inafungwa karibu miaka miwili halafu ikifunguliwa inakuta wasomaji, wafanyakazi na watangazaji wake wapo wanaisubiri? Mtandaoni nako kuna TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kanuni za 2018 zilianza na ada ambazo zikijumlishwa zilifika shilingi milioni 2.1 kabla hujaandika neno, zikaja kushushwa baadae, na Oktoba 2024 leseni za mtandaoni za kampuni ya magazeti ya Mwananchi zikasitishwa siku 30 kwa sababu ya video ya katuni. Siku 30 kwa kampuni kubwa ni pigo, kwa gazeti la mjomba ni mwisho, kwa sababu mtangazaji aliyelipia mwezi huo anataka hela yake na umeshailipia kodi ya ofisi. Halafu Oktoba 29, 2025 siku ya uchaguzi intaneti ikazimwa siku kadhaa nchi nzima, aliyekuwa mtandaoni peke yake akawa hana kazi kabisa katika siku ambazo watu walikuwa na kiu ya habari kuliko wakati wowote.

Nikwambie na zuri, marekebisho ya 2023 ya hiyo Sheria ya Huduma za Habari yaliiondolea Idara ya Habari Maelezo yale mamlaka ya kuratibu matangazo yote ya serikali, hiyo ilikuwa hatua ya maana sana. Maana ukitaka kujua kuweka matangazo yote mkono mmoja kunafanya nini waangalie Wakenya. Walianzisha wakala wa matangazo ya serikali 2015, matangazo ya wizara zote yakabanwa kwenye MyGov, chapisho la serikali yenyewe, inayotoka mara moja kwa wiki, madeni kwa vyombo vya habari yakarundikana miaka na miaka, halafu Machi 2024 katibu mkuu akaandika waraka kwamba matangazo ya serikali ya redio na tv yaende KBC peke yake, shirika la utangazaji la serikali yao. Mteja wa namna hiyo akikununia huhitaji kufungiwa, unakauka mwenyewe. Na mhariri anajua, kabla hajapeleka habari ya ufisadi wa taasisi fulani anakumbuka ile taasisi inadaiwa na gazeti na malipo bado hayajatoka. Nimekaa kwenye vikao hivyo. Hakuna anayesema "usiandike", mtu anauliza tu "hawa wameshatulipa?" na ukimya unafuata.

Basi umwambie nini mzee. Mwambie asinunue karatasi. Gazeti la kuchapa la wiki Morogoro lianze tu kama tayari kuna mtu wa kulilipia kwa mkataba, na njia ya kujua ni kutembea kabla ya kusajili chochote. Kuna matangazo bado yanabaki kwenye karatasi kwa sababu ya sheria na taratibu za mahakama: hati ya kiwanja iliyopotea, mirathi, mnada wa nyumba iliyowekwa rehani, kubadili jina. Nendeni mahakamani, nendeni ofisi za ardhi, ongeeni na madalali wa mahakama na mabenki, ulizeni kama watakubali gazeti la mkoa au wanataka lenye kusambaa nchi nzima. Wengi watasema nchi nzima, na mkisikia hivyo mara tatu nne mtakuwa mmepata jibu bila kupoteza kiinua mgongo. Na jueni hata hayo ipo siku yatahamia kwenye mfumo wa serikali kama tenda zilivyohamia.

Wewe ndo mtaji mdogo na wa maana kwenye hii habari. Una diploma, kwa hiyo ithibati ya bodi ya waandishi unaweza kuiomba. Anzeni na kitu ambacho mtu wa Morogoro hakipati Dar: bei ya mpunga Ifakara na Mlimba wiki hii, barabara ipi imekatika Ulanga, maji Kihonda yanatoka lini, kesi za ardhi za wakulima na wafugaji Kilosa zimefikia wapi. Itoke mara mbili kwa wiki kwenye chaneli ya WhatsApp, mkishakata leseni ya TCRA ya maudhui ya habari, usiruke hiyo hatua hata kama unaona wengine wanairuka. Wanaolipa wawe wanunuzi wa mazao, wenye maduka ya pembejeo, shule binafsi, SACCOS, nyumba za wageni zilizoongeza wateja tangu treni ya SGR ianze kushusha watu hapo 2024. Chaneli ya bure iwe fupi, na ile yenye bei kamili na namba za wanunuzi walipie kwa lipa namba kwa wiki, kiasi kidogo anachoweza kulipa mtu mwenye gunia mbili. Mfanye makubaliano na redio ya hapo hapo isome habari zenu kwa kutaja jina na kwa malipo, ili siku mtandao ukizimwa mbaki mnasikika, na pia kwa sababu wazee wengi wa huko hawana hiyo simu.

Na kuhusu ofisi za umma, ikitokea halmashauri inataka tangazo, pokeeni, ila bajeti yenu iandikeni kana kwamba hilo tangazo halipo, hela yake ikiingia ndo muamue itumike wapi. Mtangazaji binafsi alipe kabla tangazo halijatoka, kila mmoja, hata kama ni rafiki wa mjomba wa miaka thelathini. Nimeona magazeti yakifa yakiwa yanadai pesa nyingi kuliko yanazodaiwa.

Mzee akiwa bado hajaridhika mwambie atenge sehemu ndogo tu ya mafao, ile ambayo ikipotea nyumba haitikisiki, muifanyie kazi miezi sita kwa hiyo njia ya chaneli na mhesabu wangapi wamelipa mara ya pili. Waliolipa mara ya kwanza wasiwape kichwa, wengi watakuwa ndugu na majirani. Wa mara ya pili ndo wateja, na idadi yao ndo itakayowaambia kama kuna siku mtahitaji mtambo wa kuchapa. Ukipata hizo namba niandikie tuzipitie pamoja.